Ule Ukimya wa Bi Somoe

Kunong'ona kwa mkumbushaji kunatoka tumboni. Ukinong'ona kwa koo sauti inakwaruza, na watazamaji wa safu ya mbele wanaisikia kabla ya mwigizaji. Unavuta pumzi, unaishusha chini, halafu unatoa neno la kwanza la sentensi, kavu, bila kulipamba. Neno la kwanza likifika, mengine yanajifuata. Usimpe mwigizaji sentensi nzima, maana ataacha kuigiza aanze kukusikiliza wewe.

Mkumbushaji ni mtu anayefuata skripti mstari kwa mstari wakati onyesho linaendelea, mwigizaji akisahau anamrushia neno. Nyie wanangu siku hizi hamna mtu huyo. Mnakariri kwenye simu, na mkisahau mnatunga lenu mnasonga mbele. Pale Karakana, kikundi chetu cha maigizo, mtu huyo nilikuwa mie, Ester, kwa miaka kumi na minne, nimekaa shimoni.

Ninaposema shimoni simaanishi mfano. Ukumbi wetu pale Temeke, upande wa kuelekea Kurasini, ulikuwa gereji ya malori. Mwenye gereji alipohamia Mbeya, mabati yakabaki, harufu ya dizeli ikabaki, na katikati ya sakafu likabaki lile shimo wanaloingia mafundi kukagua gari kwa chini. Mwongozaji wetu, Mwalimu Lusekelo, alipoliona alipiga makofi kama mtoto. Akaliwekea mbao juu, akaacha upenyo upande wa jukwaa, akaniambia, "Ester, ofisi yako hiyo." Nilikaa mle juu ya debe lililopinduliwa, skripti mapajani, macho yangu usawa wa nyayo za waigizaji. Hadi leo nawajua watu kwa vidole vya miguu kuliko kwa sura.

Mlipokuja nyumbani mkaniomba niwaandikie historia ya maonyesho ya Karakana, nilikubali haraka. Orodha ninayo, iko kwenye daftari la kaunta, na ningeweza kuinakili kwa siku mbili. Lakini kwenye orodha hiyo lipo onyesho moja mnalolisimulia hata nyie mliozaliwa baadaye, na mengi mnayoyasimulia mliyatoa kwangu. Niliwadanganya. Ndiyo maana hii niliyowaandikia si orodha.

Ngoja kwanza niwape Karakana yenyewe, msije mkadhani ilikuwa mahali pa huzuni.

Nilikuwa mpiga chapa kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Mwalimu Lusekelo alileta skripti nimchapie. Niliporudisha nilikuwa nimemsahihishia makosa, na mahali pawili nimemwandikia pembeni kwa penseli, "Huyu mama hawezi kusema hivi, ametoka kufiwa." Alisoma, akaniangalia, akaniuliza Jumamosi huwa nafanya nini. Nikamjibu huwa nafua. Akasema, "Fua Ijumaa."

Maonyesho yetu yalikuwa Jumamosi na Jumapili saa kumi jioni, kwa sababu taa tulizokuwa nazo zilikuwa mbili na moja ilikuwa na tabia yake. Mwalimu alitoboa paa akaweka bati za plastiki, jua likawa ndilo fundi taa. Alitaka kila kitu kiwe kipya. Kulikuwa na onyesho linaitwa Foleni, ambalo nusu yake watazamaji walipangwa nje kwenye mstari, na waigizaji walikuwa humohumo mstarini bila mtu kuwajua, wanasukumana na kugombana. Mzee mmoja alifoka, "Asubuhi nimetoka foleni ya zahanati, nakuja huku kustarehe na nyie mnanipanga?" Akaondoka zake. Wiki iliyofuata alirudi na majirani wanne, akawa anawaonyesha wenzake mahali pa kucheka.

Kulikuwa pia na Harufu. Hilo tulilipeleka ukumbi wa kukodi kule Kinondoni. Tulifunga madirisha yote, watu wakakaa gizani, kila mmoja kapewa ndimu ainuse ikifika sehemu ya bustani. Ikafika sehemu ya vita, wakaanza kurushiana ndimu. Mwalimu alipigwa moja ya sikio, akaandika kwenye ripoti kwamba watazamaji walishiriki kikamilifu.

Na mie makosa yangu. Siku yangu ya kwanza shimoni, mwigizaji alinyamaza kidogo kwa sababu mhusika wake alikuwa anafikiri. Nikamrushia neno. Akaendelea kunyamaza. Nikarusha tena kwa nguvu. Mama mmoja aliyekaa mbele akainama mpaka kwenye upenyo wangu akasema, "Dada, usimharakishe. Mwache afikirie."

Aliyeniokoa na aibu hiyo ni Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mtu wa Lindi, mrefu, mweusi wa kung'aa, sauti yake ukiisikia mara moja huisahau. Ujana wake aliigiza vichekesho kwenye kikundi cha shirika moja la umma, enzi zile ambazo kila shirika lilikuwa na ngoma yake na waigizaji wake. Kule hakukuwa na skripti. Waliambiwa, "Leo wewe ni mke mlevi, wewe mwenyekiti wa mtaa," wakapanda jukwaani wakatunga papo hapo na watu wakacheka. Pale Temeke alijulikana zaidi kwa kazi nyingine: alikuwa kungwi, anayewafunda wanawali kwa nyimbo zisizoandikwa popote. Walimfuata kutoka Mbagala, wengine walimlipia nauli mpaka Lindi.

Siku ile ya ulimi wangu wa haraka alinisubiri nje. Akaniambia, "Mwanangu, usitazame mdomo wa mtu. Mdomo unaweza kunyamaza makusudi. Kila mwigizaji ana mahali pake mwilini panapoomba msaada. Patafute hapo." Nikamuuliza pake ni wapi. Akanionyesha kidole gumba cha mkono wa kulia kinasugua pindo la kanga. "Ukiona hivi, nimepotea. Usipoona hivi, niache, niko kazini."

Hilo ndilo somo kubwa nililopewa katika kazi hii, na aliyenipa ni yeye.

Baada ya miezi kadhaa alinipa kitu kikubwa zaidi. Alikuja kwangu Mtoni Jumatano moja baada ya kazi, kabeba vitumbua kwenye bakuli, akakaa, akala kimoja, akasema, "Ester, mie sijui kusoma." Mwalimu Lusekelo hakujua. Alikuwa akimpa karatasi, Bi Somoe anazikunja anazitia mkobani, anakwenda kumwomba mtoto wa jirani amsomee, na yule mtoto alikuwa amehamia Tabora. Tangu siku hiyo msomaji wake nilikuwa mie. Nilimsomea mara tatu. Ya kwanza alifumba macho, ya pili alisema pamoja nami, ya tatu alinisahihisha. Alikuwa akinikamata nikiruka hata neno "tu."

"Mtu wa maandishi," aliniambia, "anasahau kwa sababu ana pa kuweka. Mie sina pengine pa kuweka ila hapa," akagonga kichwa.

Sasa nifike kwenye onyesho lenyewe.

Mwalimu aliandika mchezo wa mtu mmoja, unaitwa Shahidi. Mama mmoja amesimama mahakamani. Nyumba ya jirani yake mjane imebomolewa alfajiri ili kiwanja kiuzwe, na yeye alikuwa akichota maji akaona. Watazamaji ndio mahakama. Mwishoni mwa mchezo sauti ya hakimu inamuuliza, "Ulimwona nani?" Hapo mama anatoa maneno marefu, kurasa mbili, anaeleza kwamba aliyemwona na nyundo mkononi ni mwanawe wa kumzaa.

Niliitaka sehemu ile. Nilikuwa na miaka thelathini na saba, nimekaa shimoni miaka kumi na minne nikitazama nyayo. Nilikwenda kwa Mwalimu nikamwomba anijaribu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Ester, una sauti ya ofisini." Wenzetu walikuwa karibu wanakunywa chai. Mmoja akamuuliza Bi Somoe kwa utani anaonaje. Bi Somoe akacheka akasema, "Ester? Huyu akilia jukwaani watu watamtafutia panadol."

Kila mtu alicheka. Na mie nilicheka. Ulikuwa utani wa kawaida, yeye mwenyewe alitaniwa kila siku na hakushika moyoni. Mie nilishika. Nilikwenda nao nyumbani, nikalala nao, na Jumatano alipokuja na vitumbua nilimsomea kurasa zile mbili kwa sauti bapa kama ninayesoma bei za mchele. Hakulalamika. Aliziweka kichwani hivyohivyo, akazitia uhai mwenyewe.

Maonyesho mawili ya kwanza yalikwenda sawasawa, kila neno mahali pake. La tatu lilikuwa Jumapili. Mwalimu alikuwa amealika watu wa magazeti na wageni wawili watatu wenye madaraka ya utamaduni. Bi Somoe alikuwa ametoka harusini Mbagala, ameimba siku mbili, macho mekundu. Kabla ya kuanza aliinama kwenye upenyo wangu. "Leo nimechoka, mwanangu. Nishike."

Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, Bi Somoe."

Ilifika sauti ya hakimu. "Ulimwona nani?"

Bi Somoe alifungua mdomo, akaufunga. Nikatazama kidole gumba. Kilikuwa kinasugua pindo la kanga.

Neno lilikuwa mbele yangu. "Nilimwona mtu ninayemjua." Nilichotakiwa kutoa ni "Nilimwona," basi. Kidole changu kilikuwa juu yake, pumzi nimeivuta, nimeishusha mpaka tumboni kama kazi inavyotaka. Sikulitoa.

Msije mkadhani nilipitiwa. Kwa miaka nilijiambia nilipitiwa. Nilikaa nikamtazama. Niliona nyayo zake zikikanyaga na kuachia sakafu, nikaona kile kidole kinasugua haraka zaidi, na ndani yangu kulikuwa na sauti inasema, haya, mtafutie panadol sasa. Mtu angeweza kusali Baba Yetu yote mpaka amina. Gereji nzima ilikuwa kimya, nasikia bati zikipanuka kwa joto. Kisha akageuza macho kwenye upenyo, akanitazama. Nikainamisha uso kwenye skripti kama ninayetafuta mstari.

Bi Somoe akaruka. Aliacha kurasa zote mbili akaenda kwenye sentensi ya mwisho kabisa ya mchezo: "Mheshimiwa, naomba kukaa." Akakaa sakafuni.

Watu waliinuka. Sijawahi kusikia makofi kama yale. Walidhani ndivyo ilivyopangwa, kwamba mama ameshindwa kumtaja mwanawe, kila mmoja akajijazia jina analolijua. Bibi mmoja alikuwa analia kwa sauti. Gazeti moja liliandika wiki ile kuhusu ukimya ule, na nyie mpaka leo mnafundishana.

Nyuma, kwenye chumba cha mavazi, Mwalimu alikuwa anaruka. Amemkumbatia Bi Somoe, anasema, "Umenifundisha mchezo wangu mwenyewe! Zile kurasa mbili nazikata. Tangu leo utanyamaza hivyohivyo." Alipotoka, tukabaki wawili. Bi Somoe alikuwa amekaa kwenye benchi.

"Ester mwanangu," akasema, "ulinipa?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Angenitukana, labda angenipiga kibao, ingekwisha kabla ya magharibi. Nikasema, "Nilikupa, Bi Somoe. Nilikupa mara mbili."

Akatikisa kichwa polepole. "Mara mbili. Na mie sikusikia." Akashika sikio lake la kulia. "Basi masikio yangu haya."

Mkinisoma mpaka hapa mnaweza kudhani kunyamaza shimoni ndilo kosa langu. Lile lilikuwa kosa la dakika moja. Hili la pili nimekaa nalo miaka ishirini na tisa.

Alikwenda kupimwa masikio. Daktari alimwambia masikio yake ni mazima, ya msichana. Alikuja kwangu siku hiyohiyo, hakuleta vitumbua, hakukaa. "Bora yangekuwa masikio," akasema. "Kama ulinipa mara mbili na masikio ni mazima, basi kilichokufa kiko ndani." Aliniomba nisimwambie Mwalimu. Nikamwahidi, kwa uso wa mtu mwema.

Wiki zilizofuata alipanda jukwaani akanyamaza mahali alipoamriwa kunyamaza, na watu wakapiga makofi. Lakini maneno mengine yalianza kumtoka kweli. Hofu ya kusahau inasahaulisha, wanangu, hilo lishikeni. Alikuwa akiniomba nimrushie hata pale asipohitaji. Nilimrushia kwa bidii. Nilikuwa mkumbushaji hodari kuliko wakati wowote, na kila neno nililompa lilikuwa linamthibitishia kwamba amekwisha.

Msimu ulipoisha alimwambia Mwalimu amechoka, anahamia Kigamboni kwa binti yake Zuhura. Mwalimu alimsihi sana. Akamjibu, "Mpe Ester. Anayajua maneno kuliko mie." Na kabla ya kuondoka alikaa nami siku nne akinifundisha jinsi ya kusimama, uzito uwe mguu upi, kanga ishikwe wapi. Siku ya mwisho alisema, "Ule utani wangu wa panadol, nisamehe. Nilikuona uso ulivyobadilika." Aliona. Yeye aliona, akaomba msamaha, na mie nikasema hakuna neno.

Nilicheza Shahidi miaka mitatu. Temeke, Kinondoni, Ubungo, tulikwenda mpaka Dodoma na Mwanza. Nilinyamaza vizuri, nadhani, hakuna aliyenitafutia panadol. Lakini nilipokuwa nimesimama pale, mkumbushaji mpya akiwa shimoni, nilikuwa naona upenyo ule na kuukwepa. Mwalimu alisema macho yangu yanakwepa kama ya shahidi wa kweli. Nayo wakayasifu.

Karakana ilikufa polepole. Kiwanja kiliuzwa, leo ni yadi ya makontena. Mwalimu Lusekelo alifariki, na kwenye msiba wake walinipa kipaza sauti nisimulie ule ukimya. Nikasimulia. Nilisema Bi Somoe alikuja na wazo hilo mwenyewe, kwa kipaji chake, bila kumwambia mtu. Uongo ule ulikuwa na heshima kwake, hivyo nilijiona natenda wema.

Halafu mkaja nyie. Mmoja wenu, binti mwenye miwani, aliniuliza, "Bibi, Bi Somoe aliuandaaje ule ukimya? Alifanya mazoezi gani?" Alikuwa na kalamu mkononi anasubiri. Nikamjibu, "Alifanya mazoezi wiki mbili mbele ya kioo." Akaandika. Nilimwona akipigia mstari. Mlipoondoka nilishindwa kula. Binti yule angekwenda kusimama wiki mbili mbele ya kioo akitafuta kitu ambacho hakikuwepo, kwa ajili yangu.

Wiki ileile nilivuka kwenda Kigamboni.

Zuhura alinipokea mlangoni, naye ni mtu mzima sasa, miwani shingoni kwa kamba. "Dada Ester! Miaka yote hii! Mama yuko uani." Akapunguza sauti. "Usishangae akikuchanganya na mtu. Tunamwangalia kwa karibu. Jikoni haruhusiwi, tulishamwondolea, asije akasahau moto."

"Ameshawahi kusahau moto?"

Alifikiri. "Hapana. Lakini yeye mwenyewe alisema tangu anahamia hapa. Alisema, msinipe jambo la kukumbuka."

Bi Somoe alikuwa amekaa mkekani, mwembamba, nywele nyeupe pe. Nikapiga goti. "Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Ester wa shimoni," akasema. Hakunichanganya na mtu yeyote. Akanishika mkono akanisimulia habari za watu niliowasahau mie. Nikamuuliza kama bado anaimba, kama bado wanawali wanaletwa. 

"Niliacha. Kungwi akisahau neno anamharibia mtoto wa watu maisha. Hata mjukuu wangu, mtoto wa Zuhura, alifundwa na kungwi wa kukodi. Mie nilikaa barazani, nawasikia ndani wanakosea wimbo wa mama yangu." Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza mvua ya mwaka jana.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yalinipotea yote. Nikasema, "Bi Somoe, siku ile ya Shahidi sikukupa."

"Hukunipa nini?"

"Neno. Nilikuwa nalo. Sikukupa hata mara moja. Nikakudanganya kwamba nilikupa mara mbili."

Zuhura alikuwa anachagua mchele kwenye ungo hatua chache kutoka kwetu. Aliacha.

Bi Somoe aliuachia mkono wangu. Hakuutupa, aliuweka tu juu ya mkeka kama kitu cha mtu mwingine. "Sema tena. Sauti. Zuhura asikie."

Nikasema tena kwa sauti, yote. Utani, kidole gumba, skripti, uongo wa chumba cha mavazi. Nilikuwa na miaka sitini na sita, na nilikuwa nimeinama kama mtoto aliyevunja mtungi wa jirani.

Bi Somoe alinigeukia. Kisha akauliza, "Neno lilikuwa lipi?"

"Nilimwona."

Akafumba macho. "Nilimwona," akasema. "Nilimwona mtu ninayemjua. Namjua kwa mwendo, namjua kwa kikohozi. Nilimkesha na surua siku saba. Nyundo aliyoshika ni ya marehemu baba yake, nilimpa mwenyewe akajenge..." Akaendelea. Sauti ilikuwa imechakaa lakini ilikuwa ileile. Kurasa zote mbili, zile ambazo Mwalimu alizikata na ambazo hakuna aliyewahi kuzitamka tena jukwaani, alizitoa pale uani mwanzo hadi mwisho, na hata neno "tu" halikuanguka. Kuku walikuwa wanapita. Zuhura alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Alipomaliza hakunitazama. Alimtazama binti yake. "Zuhura, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi." Akanyanyuka taratibu kwa kushika ukuta, akaenda jikoni, akaanza kusogeza masufuria. Nilimsikia anauliza chumvi imewekwa wapi. Sikuitwa.

Zuhura alinisindikiza mpaka barabarani. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyepigwa. "Dada Ester, mie nilimnyang'anya jiko mama yangu. Nilidhani namtunza." Halafu akasema, "Usije tena mpaka akuite."

Kwa hiyo kwenye kitabu chenu, pale mtakapofika Shahidi, msiandike kwamba ukimya ule ulibuniwa. Andikeni kwamba mwigizaji aliomba neno, na mkumbushaji alikuwa nalo akamnyima. Jina langu liandikeni lote. Na yule binti mwenye miwani mwambieni aache kioo.

Juzi Zuhura alinipigia simu. Amesema mama amechukuliwa na watu wa Mbagala, kuna mwali wa kufundwa, na amekwenda na begi lake la nguo za siku tatu. Amesema nyumba nzima inaimba siku hizi, mpaka wajukuu wa kiume wanafukuzwa uani wasisikie. Nilifurahi, nikamwambia nimefurahi. Kisha nikamuuliza kama ameniulizia.

 "Hapana, dada," akasema. "Hajakutaja."